Karatasi Nyeupe, Maji Meusi

Tangu Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, karatasi imejipatia sifa ya uungwana ambayo sidhani iliitolea jasho. Muuza duka anakutilia sukari kwenye mfuko wa kaki, nawe unatoka hapo kifua mbele, umeokoa dunia. Sina ugomvi na marufuku ile. Mitaro yetu ilikuwa imeziba na ng'ombe wetu walikuwa wanakula plastiki. Ila ukitaka kujua tabia ya karatasi tangu ujana wake, usimwulize muuza duka. Nenda Webuye, umwulize mtu aliyekulia kando ya mto Nzoia.

Kiwanda cha Pan African Paper Mills, au Panpaper kama kila mtu alivyokiita, kilianza kazi katika miaka ya 1970 kwa ubia wa serikali ya Kenya, shirika la fedha la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, na kampuni ya Orient Paper Mills ya kundi la Birla kutoka India. Mji wenyewe wakoloni waliuita Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ambayo wenyeji wanayajua kwa jina la Nabuyole. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kiwanda cha karatasi kinataka vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote: miti na maji. Miti ilikuwa ikipandwa upande wa Turbo, misonobari, misaipresi na mikaratusi. Maji yalikuwa ya Nzoia, mto unaoanzia kwenye milima ya Cherangani na Elgon ukashuka zaidi ya kilomita 250 hadi Ziwa Victoria, kule Budalang'i.

Kwa miaka mingi Panpaper ndiyo iliyokuwa Webuye, na Webuye ndiyo iliyokuwa Panpaper. Mshahara wa kiwanda ndio uliojaza maduka na kulipa karo. Kisha Januari 2009 mitambo ikazimwa: madeni yalikuwa yamefika shingoni na stima ilikuwa imekatwa. Kikafufuliwa, kikalala tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900. Mauzo hayo wenyeji wa Bungoma wameyachambua mpaka mifupa, na mimi leo sina la kuongeza. Nataka kuzungumza juu ya maji.

Dai langu ni moja, nalo nitalisema mapema ili ukitaka kubishana uwe umejiandaa. Majitaka yanayotoka kwenye kiwanda cha karatasi ni mali iliyomponyoka mwenye kiwanda. Tumezoea kuambiwa kwamba kusafisha maji hayo ni gharama ya anasa, kwamba nchi maskini ichague mto safi au ajira. Mimi nasema kiwanda kinachomwaga sana mtoni, mara nyingi ndicho hicho hicho kinachoelekea kufilisika, na sababu ni zile zile.

Tuingie ndani ya kiwanda tuone. Gogo linamenywa magome, linakatwakatwa vipande vidogo, na vipande hivyo vinatiwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma pamoja na kostiki soda na salfaidi ya sodiamu. Vinapikwa kwa joto la nyuzi 170 hivi kwa muda wa saa kadhaa. Lengo ni kutenganisha vitu viwili: nyuzinyuzi za selulosi, ambazo ndizo karatasi, na lignini, ambayo ndiyo gundi inayoufanya mti usimame wima. Njia hii inaitwa Kraft, na ni ya tangu karne ya 19. Mwisho wa mapishi, takriban nusu tu ya mti ndiyo imekuwa rojo la kutengenezea karatasi. Nusu nyingine imeyeyuka ndani ya maji mazito, meusi, yanayonuka.

Hayo maji meusi ndiyo roho ya hadithi yetu. Kila tani moja ya rojo huacha nyuma kama tani moja na nusu ya vitu vikavu vilivyoyeyuka humo: lignini, sukari za mti, na zile kemikali za kupikia. Zamani viwanda vilikuwa vinamwaga tu. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Canada, G. H. Tomlinson, akaunda boila ya kuyachoma. Unayachemsha maji meusi mpaka yawe mazito, unayapuliza ndani ya tanuri, lignini inawaka, mvuke unapatikana wa kuendeshea mitambo na kufulia umeme, na chini ya tanuri zinabaki kemikali za kupikia, tayari kutengenezwa upya. Kiwanda kinachotunza boila yake vizuri hurejesha zaidi ya asilimia 95 ya kemikali hizo. Kule Sweden na Finland kuna viwanda vya rojo vinavyouza umeme wa ziada kwa gridi ya taifa. Umeme huo chanzo chake ni kitu ambacho kiwanda kingine kingekiita taka.

Sasa fikiria kiwanda ambacho boila yake imechoka. Mabomba yanavuja, vifaa vya kuoshea rojo vimechakaa, kwa hiyo sehemu ya maji meusi inabaki kwenye rojo na kupita nalo hadi kwenye mtaro. Mwenye kiwanda analazimika kununua kemikali zaidi. Anapata mvuke kidogo, kwa hiyo ananunua mafuta ya tanuri na stima zaidi. Na mto, kule chini, unapokea kile ambacho yeye analipia mara mbili. Wahasibu watakuonyesha deni la kampuni ya umeme, maafisa wa mazingira watakuonyesha chupa ya maji ya kahawia, kila mmoja ofisini kwake. Kukopa harusi, kulipa matanga, na katika hadithi hii mto ndio uliokuwa ukikopwa bila kuulizwa.

Maji hayo yakifika mtoni yanafanya nini? Watu wengi wanadhani samaki wanakufa kwa sumu tu. Sumu ipo, na nitaifikia, lakini muuaji wa kwanza ni njaa ya hewa. Hebu nikupeleke maabara. Anayepima anachukua chupa ya kioo yenye mfuniko wa kusagwa, anaijaza maji ya mto mpaka yafurike, na anapoifunga anahakikisha hakuna hata povu moja la hewa lililobaki chini ya mfuniko. Kabla ya kufunga, amepima oksijeni iliyoyeyuka humo. Kisha chupa inakwenda kabatini, gizani, joto la nyuzi 20, na inalala huko siku tano. Gizani kwa sababu mwanga ungeamsha mimea midogo nayo ingezalisha oksijeni na kuharibu hesabu. Siku ya tano anapima tena. Kiasi kilichopungua ndicho bakteria walichovuta walipokuwa wakila uchafu. Basi. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa BOD, na ndicho hukumu ya kwanza ya majitaka yoyote.

Maji safi kwenye kimo cha Webuye, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, yakiwa na joto la nyuzi 20, hayawezi kubeba zaidi ya miligramu saba au nane za oksijeni kwa kila lita. Samaki wengi wanataka kama tano ili waishi bila dhiki. Kwa hiyo akiba ya mto ni miligramu mbili, tatu. Maji ya kiwanda yanatoka yakiwa na moto, na maji yenye moto hubeba oksijeni pungufu. Yanatoka yamejaa sukari za mti, karamu kubwa kwa bakteria. Na yanatoka usiku na mchana. Mwezi wa Mei mto umefura na unaweza kuvumilia. Mwezi wa Februari mto umekonda, mawe yanaonekana, lakini mtaro wa kiwanda haujui kama ni kiangazi. Kiasi ni kile kile.

Halafu kuna rangi. Lignini haiozi upesi; bakteria wanailamba na kuiacha. Kwa hiyo hata baada ya mabwawa ya kusafishia, maji yanaweza kutoka yakiwa na kipimo kizuri cha BOD lakini bado ni ya kahawia iliyokoza. Mhandisi atakwambia rangi si sumu, naye hajasema uongo. Lakini mwanga usipofika chini, ukungu wa kijani kwenye mawe haumei, na wadudu wa majini wanaokula ukungu huo hawaonekani, na samaki anayekula wadudu anahama. Tena hakuna mama atakayeamini maji ya rangi hiyo kwa kufulia sare ya shule, achilia mbali kupikia. Nyuzinyuzi zilizoponyoka nazo hutua polepole kwenye sakafu ya mto, zikarundikana tabaka juu ya tabaka, zikaoza bila hewa na kutoa viputo vya gesi inayonuka yai viza.

Harufu hiyo wana Webuye wanaijua vizuri kuliko mimi. Ni gesi za salfa, zinatoka kwenye mapishi na kwenye boila, na pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa chache mno. Malalamiko ya mabati kuliwa na kutu kabla ya wakati yamesikika huko kwa miaka na mikaka. Mada yangu ni maji, sitakaa hapo. Nitasema tu kwamba salfa iliyokwenda hewani nayo ni kemikali ambayo mtu aliinunua.

Tuje kwenye weupe. Rojo likitoka kupikwa lina rangi ya kaki. Ndiyo ile ya mfuko wa sukari na mfuko wa simiti. Kulifanya jeupe kama ukurasa wa daftari ni lazima lignini iliyobaki iondolewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kazi hiyo ilifanywa na gesi ya klorini. Klorini ikikutana na lignini inazaa ukoo mzima wa kemikali, na miongoni mwao kuna dioksini na furani, sumu ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Kwa hiyo hazipiti na mkondo zikaisha, zinaingia kwenye shahamu ya samaki, kisha ya anayemla samaki, na hatimaye kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Miaka ya 1980 wapimaji wa serikali ya Marekani walipokuta dioksini kwenye samaki walio chini ya viwanda vya karatasi, sekta nzima ilitikisika. Sweden nayo ilikuwa ikichunguza samaki wagonjwa kwenye Ghuba ya Bothnia. Ndani ya miaka kumi na kitu viwanda vingi vya nchi tajiri vilikuwa vimeachana na gesi ya klorini na kutumia dioksidi ya klorini, au oksijeni na peroksaidi, na Marekani ikaweka kanuni zake mwaka 1998. Mkataba wa Stockholm juu ya sumu zisizooza ulitiwa saini 2001 na kuanza kutumika 2004, nao unataja kwa jina utengenezaji wa rojo kwa kutumia klorini.

Kuna kisa kimoja cha Florida ambacho huwa nakisimulia hata nisipoulizwa. Kwenye kijito kiitwacho Elevenmile Creek, chini ya kiwanda cha karatasi, watafiti waliripoti mwaka 1980 kwamba samaki wadogo, wale wanaofugwa ili wale viluwiluwi vya mbu, walikuwa na jambo la ajabu. Majike yalikuwa yameota pezi la dume, lile pezi refu ambalo dume hulitumia kupandia, na mengine yalikuwa yakiwafukuzia majike wenzao. Baadaye shuku ziliangukia mafuta ya asili ya mti yenyewe, steroli, ambayo bakteria huweza kuyageuza yakawa kitu kinachofanana na homoni. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaondoa ile imani kwamba ukiondoa klorini umemaliza kazi. Msonobari una dawa zake. Umezitengeneza ili ujilinde na wadudu na ukungu, na ukiupika mamia ya tani kwa siku, umezimimina dawa hizo zote mahali pamoja. Utomvu wake una asidi ambazo ni kali kwa samaki hata bila msaada wa kiwanda cha kemikali.

Nirudi nyumbani. Sheria ya mazingira ya Kenya, ile iliyoanzisha mamlaka ya mazingira, NEMA, ni ya mwaka 1999. Kanuni za ubora wa maji zilitoka mwaka 2006, na zinasema majitaka yanayoingia kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, vitu vinavyoelea visizidi 30, na uchachu uwe kati ya 6.5 na 8.5. Namba nzuri, kali kabisa. Lakini piga hesabu. Kiwanda cha Webuye kilianza miaka ya 1970 na kilizimwa Januari 2009. Katika maisha yake yote kama Panpaper kabla ya kuzimwa, kanuni hizo zilikuwapo kwa muda usiofika miaka mitatu. Yaani mtu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa kiwandani, akakaribia kustaafu, ndipo zikaja namba za kumwambia jirani yake mto umechafuka kiasi gani.

Nisimwonee mtu. Nzoia haikuchafuliwa na karatasi peke yake. Mto huo huo unapokea maji yanayotoka Eldoret kupitia Sosiani, mbolea za mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, masalia ya viwanda vya sukari vya Nzoia na Mumias, na udongo, udongo mwingi mno, unaokwenda kujaza mto kule Budalang'i ambako kila mafuriko yakija watu hulala kwenye tuta. Hata samaki aitwaye ningu, ambaye zamani alipanda Nzoia kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga, alianza kupungua kabla kiwanda hakijajengwa; watafiti walikuwa wakiandika juu ya kupungua huko katika miaka ya 1960, na lawama kubwa ilikwenda kwa nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito. Anayekwambia kiwanda kilimaliza ningu anakurahisishia mambo. Ila samaki aliyebaki mmoja kati ya kumi ndiye anayehitaji mto wenye hewa kuliko hao kumi walivyouhitaji.

Na kuna kitendawili kingine ambacho hakisemwi. Maji ya kiwanda cha karatasi yana sukari nyingi lakini yana uhaba wa naitrojeni na fosforasi. Bakteria wa kwenye bwawa la kusafishia hawawezi kula sukari tupu, kwa hiyo wasimamizi huwatilia urea na fosfeti. Wakipima vizuri, mambo shwari. Wakizidisha mkono, mbolea hiyo inasafiri hadi ziwani, na ziwani tayari kuna gugumaji linaloshangilia kila tone. Kusafisha nako kunataka fundi.

Kiwanda kilipofungwa, wako waliosema: haya, angalau mto umepumzika. Mimi sikuifurahia kauli ile, na si kwa ajili ya ajira tu. Kiwanda kikifa ghafla hakifi kisafi. Angalia Baikalsk, kando ya Ziwa Baikal kule Urusi. Kiwanda cha rojo kilifunguliwa 1966 na kufungwa 2013, kikaacha mabwawa yenye mamilioni ya tani za tope la lignini kwenye mteremko ulio juu ya ziwa lenye maji matamu mengi kuliko ziwa lolote duniani. Miaka inapita, mameneja wamekwenda zao, na wasiwasi ni kwamba maporomoko ya udongo yatashusha tope lile ziwani. Kiwanda kinachofanya kazi kina mtu wa kushtakiwa. Kilichofilisika kina mrasimu na orodha ya wadai, na sijaona bado mto ukiandikwa kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo viwanda vya karatasi nataka viwepo. Tunatumia karatasi, na heri itengenezwe karibu, pale ambapo tunaweza kukunja mashati na kuuliza maswali, kuliko kuagiza marobota kutoka nchi ambayo mto wake hatuujui jina. Tanzania nako kuna kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichojengwa miaka ya 1980 katikati ya misonobari, na wakazi wa huko wana maswali yale yale. Hata karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi chakavu, ambayo haipikwi kwa maji meusi, ina majitaka yake: wanga wa maboksi, wino, nyuzinyuzi fupi zisizoshika. Ni mepesi zaidi kutibu, lakini hayajitibu.

Sasa, maswali gani? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Kabla ya kufika mahakamani kuna vikao vya maoni ya umma juu ya athari za mazingira, ambako mara nyingi watu wanagawiwa soda, wanaulizwa kama wanataka ajira, wanapiga makofi, kikao kinafungwa. Mimi ningekuwa Webuye au Mgololo siku hiyo ningeacha lile swali pana la "mtachafua mto?", kwa kuwa jibu lake linajulikana hata kabla halijatamkwa.

Ningeuliza kiwanda kinatumia lita ngapi za maji kwa kila tani ya karatasi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2014 unakadiria kuwa kiwanda cha rojo jeupe la Kraft kilichopangwa vizuri hutoa meta za ujazo 25 hadi 50 kwa tani. Vya zamani vilipita 100 bila aibu. Kwa kiwanda cha tani 300 kwa siku, tofauti kati ya 30 na 100 ni lita milioni 21 kila siku ya Mungu. Ningeuliza rojo linafanywa jeupe kwa kitu gani, na kama mteja anataka weupe huo kweli. Ningeomba namba za BOD zibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya chifu, pamoja na mahali chupa ilipochotwa, maana kuna tofauti kubwa kati ya maji yaliyochotwa mdomoni mwa bomba na yaliyochotwa kilomita tano chini, mto ukishayachanganya.

Na ningebakiza swali moja kwa mhandisi, si kwa ofisa wa uhusiano. Stima ikipotea ghafla saa nane za usiku, mtungi ukiwa umejaa na pampu zimesimama, maji meusi yanakwenda wapi? Kiwanda chenye nia kina tangi la dharura, tupu, linalosubiri usiku huo, na kina mtu wa zamu anayejua kufungua vali ipi. Ningemwomba mhandisi atupeleke tukalione hilo tangi, tupande ngazi, tuchungulie ndani tuhakikishe kwamba halina kitu.